Barua ya Kuachishwa Kazi: Tuanze na Pole au na Neno Lenyewe?

Kila ofisi ina barua zake za habari mbaya. Kuna ya kunyimwa mkopo, ya kukataliwa uhamisho, ya kukosa cheo ulichokikaimu mwaka mzima, na ile nzito kuliko zote, ya kupunguzwa kazi. Mjadala huu unaiweka hiyo ya mwisho mezani. Wasemaji ni wa kubuni na barua ni ya kubuni, ingawa aliyewahi kupokea ya namna hiyo ataitambua mara moja. Sheria zinazotajwa ni za kweli.

Kiwanda kiko Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Nyerere, na kinafunga zamu ya usiku katika idara ya ufungashaji. Wanaozungumza ni Meneja wa kiwanda, Afisa Rasilimali Watu, Mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi, na Katibu Muhtasi mstaafu aliyepiga chapa barua za serikali tangu enzi za taipureta, pamoja na Mwongozaji wa mjadala. Hoja ni hii: barua ya habari mbaya ianze kwa maneno ya kumwandaa msomaji.

Rasimu aliyoileta Meneja inasomeka hivi:

*Yah: MABADILIKO YA MUUNDO WA KAMPUNI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi unapenda kuchukua fursa hii kukushukuru kwa mchango wako mkubwa katika maendeleo ya kampuni kwa kipindi chote ulichokuwa nasi. Kama unavyofahamu, hali ya biashara imekuwa na changamoto nyingi, na kampuni imelazimika kupitia upya muundo wake ili kuongeza tija na ufanisi. Kutokana na hali hiyo, na baada ya tathmini ya kina, nafasi yako ni miongoni mwa zilizoguswa na zoezi hili. Stahiki zako zitashughulikiwa kwa mujibu wa sheria na taratibu. Tunaamini utauelewa uamuzi huu mgumu, ambao ni kwa manufaa ya wote. Tunakutakia kila la heri katika majukumu yako mengine.*

MENEJA: Naitetea. Mtu amekaa nasi miaka sita. Siwezi kumfungulia barua kwa kumwambia kazi imekwisha. Shukrani kwanza, hali ya biashara ifuate, halafu uamuzi. Akifika kwenye uamuzi awe ameshajua tumetokea wapi.

AFISA: Mimi naipinga, na nianze na kichwa chake. "Mabadiliko ya muundo wa kampuni." Mfanyakazi akiisoma hiyo mlangoni atadhani amehamishwa idara. Sentensi ya nne ndiyo yenye habari, nayo inasema nafasi "imeguswa". Imeguswa na nani, imeguswaje? Nina hakika Jumatatu atakuja mtu na barua hii mkononi kuniuliza zamu yake mpya inaanza saa ngapi.

KATIBU MUHTASI: Mwanangu, usiikimbilie hivyo. Sisi ni watu wa salamu. Barua za wazee wa pwani, zile za herufi za Kiarabu, zilikuwa na salamu ndefu kuliko shida yenyewe. Muulize mtu hali, watoto, majirani, ndipo useme "ama baada ya salamu". Hata msiba hausemwi ghafla. Mtu yuko Mwanza, baba yake amefariki Tanga, anapigiwa simu: "Njoo, mzee amezidiwa." Habari kamili anaikuta nyumbani. Huo si uongo, ni huruma.

MWAKILISHI: Mama, shikamoo kwanza.

KATIBU MUHTASI: Marahaba, mwanangu.

MWAKILISHI: Hapo kwenye msiba umenipa silaha. Tunamwambia mzee amezidiwa kwa sababu tunajua akifika kuna watu wa kumpokea: shangazi yupo, majirani wamekaa kwenye mikeka, akianguka atashikwa. Habari imecheleweshwa ili ikute watu. Barua haina watu. Anaisoma amesimama kituo cha daladala, peke yake. Hapo "mzee amezidiwa" haimsaidii, inamwacha akibahatisha tu kama baba yu hai.

KATIBU MUHTASI: Basi kosa ni kumpa barua kabla hajaitwa akaongea na mtu.

MWAKILISHI: Hapo tuko pamoja.

MENEJA: Ngojeni. Mnazungumza kana kwamba mimi ndiye niliyebuni mtindo huu. Nimesoma biashara. Tulifundishwa hivyo: anza na jambo jema au lisilo na upande, toa sababu, kisha habari mbaya, malizia kwa matumaini.

AFISA: Nami nilifundishwa hayo hayo. Lakini somo hilo limepimwa. Mwaka 1999 mtafiti wa Marekani, Kitty Locker, alichapisha majaribio aliyofanya kwa wanafunzi wa chuo kwa kutumia barua za kuwanyima mkopo na za kuwakatalia nafasi ya masomo ya juu. Utangulizi laini haukuleta tofauti ya maana katika jinsi walivyoipokea habari. Kilichowaudhi zaidi ni mwisho wa kujipigia debe, pale aliyekukatalia anapokuomba uendelee kumpenda.

MENEJA: Wanafunzi wa Marekani si wafungashaji wa Dar es Salaam.

AFISA: Sawa, na sisemi ni sheria ya dunia nzima. Nasema tusiushikilie mtindo kwa kuwa tu tuliukuta kitabuni. Na tukiwa huko huko Marekani, Julai 2014 Microsoft ilikuwa imenunua biashara ya simu ya Nokia. Mmoja wa wakuu wa Microsoft, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi waraka. Ukaanza kwa salamu ya kirafiki, ukaendelea aya baada ya aya kuhusu mikakati na aina za simu, ndipo chini huko ukataja kwamba watu 12,500 wangeondoka. Waraka ule ulichekwa dunia nzima. Asingelaumiwa kwa habari ile peke yake, maana kampuni hupunguza watu kila siku. Kilichowakera watu ni kuwatembeza safari ndefu vile kabla ya kuwaambia.

MWONGOZAJI: Tuweke takwimu pembeni, turudi kwenye rasimu. Mwakilishi, ni sentensi ipi inayokukera zaidi?

MWAKILISHI: Mtashangaa, si ya nne. Ni ya sita: "Tunaamini utauelewa uamuzi huu mgumu, ambao ni kwa manufaa ya wote." Manufaa ya wote? Mimi niliyepunguzwa simo katika hao wote? Hapo barua imeacha kutoa habari, imeanza kunishawishi. Nami sina cha kuamua. Nikikubali, kazi imekwisha, na nikikataa, imekwisha vilevile. Kumshawishi mtu ambaye hana pa kuchagua ni kumdhihaki.

MENEJA: Ni adabu tu, ndugu yangu.

MWAKILISHI: Meneja, mlikuwa na nafasi ya kushawishi, mkaitupa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakutaka, mara tu unapofikiria kupunguza watu, utoe taarifa ya nia hiyo, uweke wazi taarifa zinazohusika, kisha tukae tujadiliane: sababu ni ipi, tunaweza kuepuka vipi au kupunguza idadi, nani atachaguliwa kwa kigezo gani, lini, na kiinua mgongo ni kiasi gani. Hiyo ndiyo barua ya kushawishi. Ile mliyoileta tawini ilikuwa na mistari miwili tu, na ilisomeka kama hukumu: "Tunawataarifu kuwa zamu ya usiku itafungwa." Kwa hiyo barua ya kwanza, iliyopaswa kuacha mlango wazi, mliiandika kama mlango umefungwa. Hii ya pili, ambayo mlango umefungwa kweli, mnaiandika kama bado tunaongea.

KATIBU MUHTASI: Lila na fila havitangamani.

AFISA: Nakiri barua ile haikupita kwangu. Lakini hata mwajiri anayejali nafsi yake tu ana sababu ya kuiandika vizuri. Tukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Barua ya mistari miwili haithibitishi kitu.

MENEJA: Kenya mambo ni mepesi zaidi, nasikia.

AFISA: Ulisikia vibaya. Nimefanya kazi Mombasa. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inataka chama na afisa wa kazi wapewe notisi isiyopungua mwezi mmoja kabla ya kupunguza watu, na kiinua mgongo kisipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Huku kwetu ni siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Tena wana kifungu ninachokipenda: ukitaka kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutoweza kazi, umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pembeni yake.

MWAKILISHI: Lugha! Hilo msilipite haraka. Rasimu hii angalau ni ya Kiswahili. Viwanda vingapi hapa humpa mpakiaji barua ya Kiingereza, akaenda kutafsiriwa na mtoto wake wa kidato cha pili? Bunge lenyewe mwaka 2021 lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Barua ya kumwondoa mtu kazini haina kisingizio.

MWONGOZAJI: Mama, tawi nalo liliandika barua ya kujibu. Unayo hapo. Waliweza kushawishi?

KATIBU MUHTASI: Hawa nao! Ina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni historia ya kiwanda, wa pili lawama, wa tatu maombi manane na alama za mshangao kama misumari. Mwanangu, nimekaa nje ya milango ya wakubwa miaka mingi. Mkubwa hasomi barua yako kwa ajili yake mwenyewe. Anaisoma akiwaza atamweleza nini mkubwa wake. Barua ikitoka masijala ikamfikia, anataka sentensi moja ya kuiandika kwenye dokezo. Ukimpa maombi manane, ataandika "Imesomwa, ihifadhiwe", na ndiyo imekufa hiyo.

MWAKILISHI: Tulikuwa na hasira, Mama.

KATIBU MUHTASI: Hasira mlikuwa na haki nayo. Lakini mngeomba jambo moja. Muda wa ziada wa zamu za mchana unagharimu kiasi gani kwa mwezi? Meneja, tawi likikuandikia: "Tunaomba muda wa ziada usitishwe kwa miezi mitatu, na kiasi kitakachookolewa kitumike kulipa wafungashaji wa usiku watakaohamishiwa mchana, hesabu imeambatishwa, tunaomba jibu kabla ya tarehe 15," ungeitupa?

MENEJA: Ningeipeleka kwenye bodi. Pengine wangekataa, lakini ningeipeleka.

KATIBU MUHTASI: Ndiyo hivyo. Na mngejibu swali lake kabla hajaliuliza: "Tunafahamu wateja wa mwisho wa mwaka watahitaji muda wa ziada, pendekezo hili linaishia Septemba." Anayeshawishi humsaidia mwenzake kukubali bila kuaibika.

MWONGOZAJI: Basi hiyo ndiyo barua ya kushawishi: ombi moja, hesabu, pingamizi lililojibiwa, tarehe. Turudi kwa huyu ambaye vikao vimekwisha na jina lake limebaki kwenye orodha. Afisa, ungeiandikaje?

AFISA: Nimeiandika usiku wa jana. Mfano wetu ni mfungashaji wa miaka sita, mshahara wa Sh. 520,000, anayefanya kazi siku sita kwa wiki.

*Yah: KUSITISHWA KWA AJIRA YAKO KUANZIA TAREHE 30 JUNI. Ajira yako itafikia mwisho tarehe 30 Juni. Barua hii ni notisi ya siku 28 kuanzia leo, tarehe 2 Juni. Sababu ni kufungwa kwa zamu ya usiku ya idara ya ufungashaji, kama ilivyojadiliwa katika vikao kati ya uongozi na tawi la chama. Huna kosa la kinidhamu wala la kiutendaji lililosababisha uamuzi huu. Tarehe 30 Juni utalipwa, kabla ya makato ya kisheria: mshahara wa Juni, Sh. 520,000, kiinua mgongo cha miaka 6, Sh. 840,000, likizo ya siku 12 ambayo hukuichukua, Sh. 240,000. Jumla ni Sh. 1,600,000. Siku hiyo hiyo utapewa cheti chako cha utumishi. Ukiona hesabu ina kasoro, njoo ofisini kwangu na hati zako za mshahara. Tunakushukuru kwa kazi yako ya miaka sita.*

MENEJA: Kavu.

AFISA: Kavu, ndiyo. Lakini angalia mtu anaweza kufanya nini nayo. Hesabu inafuatika: Sh. 520,000 kwa siku 26 ni Sh. 20,000 kwa siku, mara siku 7, mara miaka 6. Mwenye nyumba akiuliza kodi ataleta lini, anajua. Akienda NSSF kudai mafao ya upotevu wa ajira, ataulizwa kama aliacha mwenyewe, kwa sababu aliyeacha kazi kwa hiari hapati. Rasimu yako ya kwanza haisemi nani kaacha nini. Ule upole wa "zoezi lililogusa nafasi" ungeweza kumsimamisha dirishani.

MWAKILISHI: Na sentensi ya "huna kosa" ni ya dhahabu. Mwajiri mpya anataka kujua hilo kabla ya jambo lolote. Mtaani pia. Ukifukuzwa na ukipunguzwa, mtaa hausemi kitu kimoja.

KATIBU MUHTASI: Shukrani umeiweka mwishoni. Nimeipenda hapo. Pale juu ilikuwa inanukia. Mtu akianza kunisifu bila sababu najua kuna jambo linakuja, na wafanyakazi si watoto. Wakiona "kuchukua fursa hii kukushukuru" kwenye karatasi yenye nembo, mioyo inawadunda kabla ya kufika chini.

MENEJA: Sasa mimi niulize. Kwa nini yote "itafikia mwisho", "kusitishwa"? Mnanilaumu kwa "imeguswa", nanyi mnajificha vilevile.

AFISA: Swali la haki. Andika basi: "Uongozi umeamua kusitisha ajira yako." Sina pingamizi. Inaumiza zaidi, na ni kweli zaidi.

KATIBU MUHTASI: Serikalini tuliandika "nimeelekezwa nikujulishe", na chini sahihi ya mtu mwingine, "Kny". Wengi waliona ni woga. Kule ina mantiki, maana barua ni ya ofisi, si ya mtu, na leo yupo huyu kesho yule. Lakini kiwandani pana watu wanaojuana kwa majina. Meneja, hii itie sahihi mwenyewe. Usimpe Afisa akutilie.

MENEJA: Nitasaini. Na nitawaita mmoja mmoja kabla ya kuwapa. Hapo angalau niruhusuni nianze na pole.

MWAKILISHI: Hapo anza na pole, kaa nayo, msikilize, akitaka kunyamaza mwache anyamaze. Ila usimwite Ijumaa jioni mhasibu akiwa ameshaondoka. Mwite Jumanne asubuhi, mimi nikiwepo, na mhasibu yupo wa kumwonyesha hesabu.

MENEJA: Jumanne saa tatu. Nimekubali.

MWAKILISHI: Bado moja. Ongezeni mstari: "Usiporidhika, una siku 30 tangu ajira kusitishwa kupeleka lalamiko CMA."

MENEJA: Nimwandikie njia ya kunishtaki kwa karatasi yangu na wino wangu? Sheria hainilazimishi kuandika hilo kwenye barua.

MWAKILISHI: Haikulazimishi. Lakini nitamwambia mimi saa nne, na atajiuliza kwa nini nyinyi mlinyamaza saa tatu.

AFISA: Mimi ningeuweka. Aliyefuata utaratibu haogopi kutaja Tume.

KATIBU MUHTASI: Mimi nisingeuweka. Barua ni ya mwajiri, na mtetezi wa mfanyakazi yupo hapa amekaa. Kila mtu abebe mzigo wake.

MWONGOZAJI: Hapo mmegawanyika, na sitawalazimisha mpatane. Niseme ninavyoona mimi.

Hoja iliyoletwa imeshindwa. Mama alitetea maandalizi na hoja zake zilikuwa nzito, lakini kila alichokitetea, salamu, pole, kumpa mtu muda wa kupumua, ni kazi ya mtu aliyekaa mbele ya mwenzake. Karatasi ikijaribu kuifanya, habari yenyewe hufifia na anayeumia ni msomaji, kwa sababu yeye ndiye atakayeitembeza barua hiyo NSSF, benki, kwa mwenye nyumba na kwa mwajiri mwingine, muda mrefu baada ya aliyeisaini kuisahau. Na hoja ya Mwakilishi kuhusu barua mbili ndiyo ningependa kila meneja aibebe. Kama uamuzi bado unaweza kubadilika, andika barua ya kushawishi, na uwe tayari kushawishiwa nawe. Kama umeshapita, usimwombe mtu aupende. Mwambie nini, lini, kwa nini na kiasi gani.

Kuhusu mstari wa CMA, niko na Afisa. Siku 30 ni chache kwa mtu ambaye wiki mbili za kwanza atazimaliza akitafuta kazi na kutuliza nyumba. Meneja aliyefanya vikao vyake, akapiga hesabu zake sawasawa na kusaini kwa mkono wake hapotezi kitu akiuandika. Asiyeweza kuuandika arudi aangalie vikao vyake kwanza, kabla ya Jumanne.